Anayekaribia jibu hajakosa: Istilahi za hisabati zahitaji kupigwa msasa

MAPEMA mwezi huu nililetewa mswada wa kurasa tisini na ushei ambao, kusema kweli, nilidhani ningeumaliza kwa jioni moja na kikombe cha chai. Ni tafsiri ya maelezo ya somo la hisabati linalofunzwa mwaka wa pili chuoni: namna ya kutatua milinganyo kwa kuanza na jibu la kukisia, kulirekebisha, kisha kulirekebisha tena na tena hadi mtu aridhike nalo. Mfasiri ni mwalimu kijana wa hisabati. Jina lake nalibana kwa kuwa kazi bado ni rasimu, naye hakuniomba nimwanike gazetini. Aliniomba niangalie sarufi na tahajia tu. Hesabu, alisema, niwaachie wenyewe.

Sarufi yake haina doa. Nimewahi kusahihisha tasnifu za isimu zilizoandikwa vibaya kuliko mswada huu. Kuna mahali anapoueleza mstari unaogusa mchoro katika nukta moja tu kisha ukaenda zake, naye anasema mstari huo "unauparaza" mchoro. Nilisoma neno hilo mara mbili kwa raha. Kuparaza ni kugusa juu juu bila kuingia ndani, na mtu anayeweza kuliokota neno kama hilo na kuliweka mahali pake ana sikio.

Ndiyo maana nilishangaa kufika ukurasa wa kumi na mbili na kukwama. Kilichonikwamisha si hesabu bali maneno matatu: makadirio, kurudiarudia na kosa. Hayo ndiyo mafiga ya mswada mzima, na kwa maoni yangu yote matatu yamewekwa kombo.

Najua kuna msomaji anayejiuliza, huyu mwalimu wa fasihi anatafuta nini kwenye milinganyo? Swali halali. Hisabati niliiacha kidato cha sita na alama ambayo nisingependa itajwe hapa. Ila kila istilahi ilikuwa neno la kawaida kabla ya kuvishwa joho, na neno likiingia darasani huingia na mizigo yake yote. Mwanafunzi hawezi kuambiwa asahau maana aliyoinyonya nyumbani.

Hebu tuitazame kazi yenyewe kwanza, kwa mfano usiohitaji elimu ya chuo. Kila Mkenya aliyewahi kuota kujenga anaijua ploti ya hamsini kwa mia. Ni futi 5,000 za mraba. Tuseme unataka ploti yenye eneo hilo hilo, lakini yenye pande nne zilizo sawa. Kila upande utakuwa futi ngapi? Unatafuta nambari ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata 5,000. Wenzetu wa Tanzania, wanaofunza hisabati za msingi kwa Kiswahili, huiita kipeuo cha pili.

Sabini mara sabini ni 4,900, haifiki. Sabini na moja mara yenyewe ni 5,041, inapita. Basi jibu limo humo katikati. Chukua 70, kisha ugawanye 5,000 kwa 70. Utapata 71.4286. Sasa fikiria: kama 70 ni fupi mno, basi 71.4286 lazima iwe ndefu mno, kwa kuwa zikizidishwa pamoja zinaleta 5,000. Jibu liko baina yao. Chukua wastani wake: 70.7143. Hiyo 70.7143 irudishe pale ilipokuwa 70, ugawanye tena, uchukue wastani tena. Utapata 70.7106782. Jibu linalotafutwa huanza na 70.7106781, na tarakimu zake hazina mwisho.

Angalia kilichotokea. Tulipoanza na 70 tulikuwa tumepungukiwa na inchi nane na nusu hivi. Baada ya hatua moja tulikuwa tumepitiliza kwa takribani milimita moja. Baada ya hatua ya pili, umbali uliobaki ulikuwa chini ya sehemu moja kwa milioni kumi ya futi. Unywele wa kichwani una unene unaozidi umbali huo mara elfu kadhaa. Hatua mbili tu, kwa kalamu na karatasi.

Mbinu hii si ya jana. Heron wa Aleksandria aliieleza katika karne ya kwanza baada ya Kristo kwa kutumia nambari 720. Alianza na 27, akagawanya, akachukua wastani, akapata 26 na sehemu tano za sita, ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inaipita 720 kwa sehemu moja tu ya thelathini na sita. Nyuma yake zaidi kuna kibao cha udongo cha Babeli kinachohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kwa nambari YBC 7289, ambacho umri wake hukadiriwa kuwa kati ya miaka 3,600 na 3,800. Kimechorwa mraba na mistari miwili inayoukata pembe kwa pembe, na juu ya mstari mmoja pameandikwa kwa hesabu ya sitini-sitini: 1, 24, 51, 10. Kwa desimali zetu hiyo ni 1.414213. Zidisha kwa 50 na utapata upande wa ile ploti yetu. Yule mwandishi wa Babeli atakuwa amekukosesha chini ya sehemu moja kwa mia ya milimita. Sijui ni mpima ardhi gani wa leo anayeweza kulalamikia hilo.

Sasa turudi kwenye mswada. Neno makadirio limetumiwa humo kwa mambo matatu yasiyofanana hata kidogo: ile 70 tuliyoanza nayo, kitendo chenyewe cha kusogea, na ile 70.7106782 tuliyomalizia. Kuna sentensi moja ambamo neno hilo limejitokeza mara nne, na niliisoma kama mtu anayetafuta mlango katika nyumba yenye milango minne ya rangi moja.

Kiswahili hakikupaswa kumfikisha mfasiri hapo, maana kina ngazi nzima ya maneno. Kuna kubahatisha: huna habari yoyote, unarusha tu. Kuna kukisia: una fununu. Kuna kukadiria: una msingi, kama fundi anayeutazama ukuta, akakuna kidevu na kusema hapa patahitaji mifuko kumi ya saruji. Huyo hakubahatisha. Ana kuta nyingine arubaini kichwani. Tulipochagua 70 kwa sababu 70 mara 70 ni 4,900, tulikadiria. Lakini hatukulazimika. Tungeweza kubahatisha na kuanza na 1, jibu la kipumbavu kabisa. Hatua ya kwanza ingeturusha hadi 2,500.5, ya pili ikaturudisha 1,251.25, ya tatu 627.6, kisha 317.8, 166.8, 98.4, 74.6, 70.8, na hatua ya tisa ingetuweka kwenye 70.7108. Tumefika kule kule, ila tumechoka. Nambari ya kuanzia, basi, inaweza kuwa bahati, kisio au kadirio. Kuiita daima "makadirio" ni kumnyima mwanafunzi swali zuri kuliko yote katika somo hili: kuanza vizuri kuna faida gani, na kuanza vibaya kuna hasara gani? Ningeiita kianzio tu, basi.

Kitendo chenyewe cha kusogea nacho ni jambo jingine. Kubahatisha, kukisia na kukadiria ni maneno yanayomhusu mtu na kiasi cha ujuzi alionao. Kukaribia hakusemi lolote kuhusu ujuzi. Kunasema kitu kinatembea na umbali unapungua. Na kwa kweli ndicho kinachotokea pale kwenye karatasi. Kukadiria tumelipata kwa Waarabu, kwenye shina lililotupa pia kadiri, kadari na kudura. Ni ukoo wa vipimo na viwango. Kukaribia limetoka ukoo mwingine, wa karibu, takribani na akraba. Mtu anayesema "takribani" anadhani anasema "si hasa". Katika asili yake neno hilo linahusu kuleta kitu karibu, na Kiarabu cha leo huiita kazi hii ya wanahisabati kwa shina hilo hilo: taqrib.

Nami siwezi kupita hapa bila kumtaja Ghiyath al-Din Jamshid al-Kashi, aliyefanya kazi Samarkand na kufariki huko mwaka wa 1429. Alitaka kipimo kinachohusu pembe ya digrii moja, ambacho wanafunzi wa kidato cha pili leo hukipata kwa kubonyeza kitufe cha sine. Alichokuwa nacho ni kile cha digrii tatu. Kutoka tatu kwenda moja unaangukia kwenye mlinganyo wenye kipeo cha tatu. Al-Kashi aliupanga mlinganyo ule ili kila jibu analopata aweze kulirudisha ndani na kulitoa likiwa bora zaidi, na kwa njia hiyo akapata usahihi wa zaidi ya nafasi kumi na tano za desimali. Bila kikokotoo, bila tarakilishi. Ukimwambia mtu huyo kwamba alikuwa "akikadiria", nadhani atakutazama kwa jicho la pembeni.

Figa la pili ni kurudiarudia, na hapa ndipo nilipoweka kalamu chini kabisa.

Tunajua sote Kiswahili hufanya nini kinapokariri kitenzi. Kutembea ni safari. Kutembeatembea ni kuzurura. Kusema ni kusema. Kusemasema ni kupayuka. Kucheza, kuchezacheza. Si kila mara, lakini mara nyingi mno kitenzi kikikaririwa huvuliwa lengo. Mwanafunzi akiambiwa atatue mlinganyo kwa "njia ya kurudiarudia", picha inayomjia ni ya mtu anayefanya jambo lile lile pasipo kwenda popote, kama gurudumu lililokwama matopeni. Kuna wenzangu wanaopendekeza "kukariri" badala yake. Afadhali kurudiarudia! Katika shule zetu kukariri ni kumeza ili utapike siku ya mtihani.

Tatizo si ukali wa neno tu. Hatukurudia kitu. Mara ya kwanza tuliingiza 70, mara ya pili tukaingiza 70.7143. Kanuni ni ile ile, lakini kinachoingia ni kile kilichotoka. Na hapo, msomaji wangu, fasihi ina cha kuwakopesha wanahisabati. Aliyesoma ushairi wa shule ya upili anajua tofauti ya kibwagizo na mkufu. Kibwagizo hurudi kilivyo, ubeti baada ya ubeti, neno kwa neno. Katika shairi la mkufu, ambalo wengine huliita pindu, maneno yanayofunga ubeti ndiyo yanayofungua ubeti unaofuata. Ubeti wa pili hauwezi kutungwa kabla ya wa kwanza kwisha, wala wa tatu kabla ya wa pili. Hiyo ndiyo hesabu ya Heron na al-Kashi. Ni mkufu. Malenga wa mkufu hajirudii hata mara moja.

Kwa hivyo nimependekeza kwamba ule mfululizo wa majibu, 70, 70.7143, 70.7106782, uitwe mkufu, na kila hatua iitwe duru. Neno duru tunalo na linaeleweka. Tumepiga kura kwa duru, tumecheza ligi kwa duru. (Magazeti yetu yamelipa neno hilo kazi nyingine, zile "duru za kuaminika" ambazo hazitajwi majina, lakini hizo ni duru za aina nyingine na usahihi wake ni wa kutiliwa shaka.)

Ajabu ni kwamba kurudiarudia lina mahali pake halali katika somo hili, na mfasiri hakupaona. Mwaka wa 1669 Isaac Newton aliandika njia yake ya kutatua milinganyo na akatoa mfano ambao umekuwa maarufu: nambari ambayo ukiizidisha kwa yenyewe mara tatu, ukatoa maradufu yake, ukatoa na tano, unabaki na sifuri. Alianza na 2. Akapata 2.1, kisha 2.0946, kisha akafika 2.0945515 hivi. Joseph Raphson aliichapisha njia iliyorahisishwa mwaka wa 1690, na ndiyo inayofunzwa kwa majina yao mawili. Kuna jambo linalofurahisha hapo: Newton mwenyewe alitunga mlinganyo mpya katika kila hatua, kwa ajili ya kile kilichobaki tu; ni Raphson aliyetumia kanuni moja kila mara. Ukisema "kurudia", unamzungumzia Raphson peke yake. Ukisema "kukaribia", wote wawili wamo.

Sasa chukua mlinganyo ambao umbo lake halitofautiani sana na huo: nambari mara yenyewe mara tatu, toa maradufu yake, jumlisha mbili, upate sifuri. Jibu lake lipo, ni hasi, karibu na 1.769 upande wa chini wa sifuri. Lakini ukianza na 0, njia ya Newton na Raphson inakupeleka kwenye 1. Ukiingiza 1, inakurudisha kwenye 0. Ukiingiza 0, unaenda 1. Sifuri, moja, sifuri, moja, hadi kiyama. Hiyo sasa ndiyo kurudiarudia! Neno lile limekaa pale kama kifuniko kwenye chungu chake. Ukianza na hasi 2 badala yake, duru ya kwanza inakupa hasi 1.8 na ya pili hasi 1.77, na umekwisha. Mswada unayo mifano ya namna hii katika sura ya nne, ila kwa kuwa njia nzima imekwisha kuitwa kurudiarudia, hakuna neno lililobaki la kuitia ile inayokwama. Mfasiri amelazimika kusema "kurudiarudia kusikofaulu". Ukilitumia neno vibaya ukurasa wa kumi na mbili, utalihitaji ukurasa wa sitini na usilipate.

Figa la tatu ndilo linaloniuma, nalo ni kosa.

Katika mswada, umbali uliobaki kati ya jibu tulilonalo na jibu tunalolitafuta huitwa kosa. Kosa la duru ya kwanza, kosa la duru ya pili, kosa linapungua. Mwaka jana mpwa wangu, anayesomea uhandisi, alikuja kwangu likizoni akaketi mezani na jedwali la hesabu za aina hii. Nikamwona amechukua kifutio na kufuta mistari mitatu ya juu, akabakisha ule wa mwisho. Nikamuuliza mbona anafuta kazi. "Hizo ni makosa, mjomba," akanijibu. "Jibu ni hii ya mwisho." Ukiacha hayo mambo ya ngeli, ambayo tumeyazungumza baadaye, binti yule alikuwa ameelewa vizuri sana kile alichofunzwa. Ameambiwa kila mstari una kosa. Tangu darasa la kwanza anajua kosa hufutwa. Akaja kupoteza alama kwenye mtihani kwa kuwa msahihishaji alitaka kuiona njia, na njia alikuwa ameifuta kwa mkono wake mwenyewe, akiona aibu nayo.

Yeye husoma kwa Kiingereza, bila shaka. Lakini alifikiri kwa neno la Kiswahili, na wengi wao hufanya hivyo. Mwalimu huandika Kiingereza ubaoni, kisha akafafanua kwa Kiswahili ili watu waelewe. Tafsiri inayotafutwa na mwalimu wetu kijana tayari inafanyika kila siku vyumbani, bila mhariri.

Nitamtendea haki mtetezi wa kosa. Atasema kukosa, kwa maana yake ya kale, si kutenda dhambi. Ni kutopata. Mwindaji amekosa shabaha kwa shubiri moja. Abiria amekosa basi kwa dakika mbili. Hapo kosa ni umbali unaoweza kupimwa, na hiyo ndiyo maana tunayoitaka. Hoja hii ina nguvu, na ningekuwa nawaandikia wawindaji ningeikubali. Lakini darasani kosa limekwisha kutiwa wino mwekundu. Ile 70 haikuwa kosa. Bila 70 hakuna 70.7143. Nimependekeza pengo. Pengo halimlaumu mtu. Linapimwa, linapungua, linazibwa. Unaweza kusema kwa Kiswahili cha kawaida kabisa kwamba kila duru imelipunguza pengo, na mtoto wa shule akakuelewa.

Kuna neno la nne dogo ambalo sikulihesabu kati ya mafiga. Pengo linaloruhusiwa, yaani kiwango ambacho mtu akikifikia anasimama, mswada unakiita "uvumilivu". Ni tafsiri ya neno la Kiingereza kwa kamusi ya mfukoni. Nimeandika pembeni: nani anavumilia nini? Mafundi wetu wana usemi wao wa siku zote, "hapo sawa", na ndio hasa maana inayotakiwa. Kwa kitabu cha chuo, pengo linalokubalika litatosha.

Nimeacha dibaji mwisho, ingawa ndiyo niliyoisoma kwanza, kwa kuwa sikuuona ubaya wake hadi nilipomaliza. Inasema, kwa unyenyekevu, kwamba njia hizi hutumika pale ambapo jibu halisi limeshindikana. Ni kama mwenyeji anayekupa ugali na kukuomba radhi kwamba hakuna wali. Kwanza, kwa milinganyo mingi hakuna wali. Mnorwe Niels Henrik Abel alithibitisha mwaka wa 1824 kwamba kwa milinganyo yenye kipeo cha tano hakuna kanuni ya jumla, ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta vipeuo, itakayotoa majibu yake kila mara. Hapana aliyeshindwa kuipata kwa uvivu. Haipo. Pili, hata pale tunapodhani jibu halisi tunalo, hebu tuliangalie. Upande wa ploti yetu ni "kipeuo cha pili cha 5,000". Ni kweli, na ni halisi. Mpe fundi kamba na umwambie akate urefu huo. Atakuuliza ni futi ngapi, na ukianza kumtajia tarakimu umeanza kukaribia. Kikokotoo nacho hutoa tarakimu kumi hivi, kikanyamaza. Lile jibu halisi lilikuwa jina, na jina zuri, lakini kamba haikatwi kwa jina.

Basi nilimwomba aifute dibaji ile yote na kuiandika upya pasipo kuomba radhi. Hilo nililisisitiza kuliko istilahi. Neno linaweza kurekebishwa na toleo la pili. Kitabu kinachoanza kwa kujidharau humfunza msomaji kukidharau.

Juzi alinipigia simu. "Prof, nimeyapokea," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajalala vizuri. Mkufu ameukubali papo hapo. Akaniambia ameshaujaribu darasani na mvulana mmoja akatunga ubeti wa utani kuhusu 70 na 71. Duru ameikubali pia. Kianzio, sawa. Dibaji ataiandika upya. Kwa pengo akanibana. Alinieleza kwamba kuna mapengo ya aina mbili: lile linalobaki kwa kuwa hatujafika, ambalo kila duru hulipunguza, na lile linaloingia kwa kuwa tarakilishi hukata tarakimu za mwisho kila inapoandika nambari, ambalo duru haziliondoi na wakati mwingine hulilimbikiza. "La pili hilo halizibwi, Prof. Linaongezeka tukiendelea. Nalo tuliite pengo?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia labda hilo ni takataka, akacheka. Nikasema makapi, akanyamaza kidogo, akasema makapi hupepetwa yakaondoka, na haya hayaondoki. Nikataja chenga. Akasema atalifikiria hilo la chenga. Sura ya tano, inayohusu jambo hilo, ataniletea mwishoni mwa mwezi, na kwa sasa ameacha nafasi tupu kila mahali neno hilo linapohitajika.